Kuvunjika kwa Joka: Ushahidi na Mamlaka katika Historia ya Tamriel

Kila historia ina mambo mawili yaliyoambatana: jambo lililotendeka na habari iliyosimuliwa juu yake. Jambo likipita habari hubaki, na mwanachuoni hukaa na habari hiyo akiipima na kuilinganisha na nyingine, akijaribu kurudi nyuma mpaka kwenye jambo lenyewe. Lakini iko historia moja ambayo jambo lake halikupata kutendeka kabisa, wala nchi yake haikupata kuwapo juu ya uso wa dunia, na hata hivyo watu wenye akili timamu wameichungua kwa muda wa miaka thelathini kwa bidii ambayo historia nyingi za kweli hazijaipata. Historia hiyo ni ya bara la Tamriel, lililobuniwa kwa ajili ya mfululizo wa michezo ya kompyuta uitwao The Elder Scrolls. Wapenzi wa michezo hiyo wameshindana juu ya kifo cha jemadari, juu ya nasaba ya mfalme mkuu, na juu ya kama nchi fulani ilikuwa na msitu au haikuwa nao. Na ndani ya mashindano hayo limo swali ambalo si la mchezo hata kidogo, yaani nani mwenye haki ya kusema kwamba jambo fulani ndivyo lilivyokuwa.

Yamkini msomaji atacheka. Kicheko hicho si kipya. Neno litumiwalo katika ugomvi huu ni kanoni, nalo limetoka kanisani, ambako lina maana ya orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa Maandiko Matakatifu, mbali na vile vilivyowekwa kando. Hatua moja kubwa katika safari ya mtindo huu wa kufikiri, kutoka kwenye Biblia hadi kwenye hadithi za kubuni, ilipigwa kwa mzaha. Mwaka 1911 Ronald Knox, ambaye baadaye alipata kuwa padre, alisoma huko Oxford insha iliyozihakiki hadithi za Sherlock Holmes kwa zana zile zile ambazo wahakiki wa siku zake walizitumia kwa Maandiko. Alikuwa akiwadhihaki wahakiki, wala hakuwa akimtukuza Holmes. Walakini mzaha huo ukazaa kazi ya dhati. Riwaya nne na hadithi fupi 56 za Arthur Conan Doyle zikapekuliwa neno kwa neno, na mapungufu yake yakawa chakula cha wapekuzi. Katika kitabu cha mwaka 1887 Daktari Watson alijeruhiwa vitani begani. Katika kitabu cha mwaka 1890 jeraha limo mguuni. Mtu wa kawaida atasema kwamba Doyle alisahau. Mpenzi wa Holmes hakubali jibu hilo, kwa sababu kwake yeye Doyle si shahidi. Shahidi ni Watson, na Watson hawezi kusahau mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo yote yatakayosemwa hapa. Ugomvi wa kanoni huanza pale msomaji anapokataa kulipokea kosa la mwandishi kuwa ni kosa, akalitafutia maelezo ndani ya ulimwengu ule ule uliobuniwa. Ila Holmes alikuwa na mwandishi mmoja, na wasomaji wake hawakutenda lolote katika hadithi. Michezo ya kompyuta ilileta mambo mawili mapya: waandishi wengi wanaoingia na kutoka, na msomaji ambaye mwenyewe ni mtendaji.

Mchezo wa kwanza, Arena, ulitolewa mwaka 1994 na kampuni ya Bethesda Softworks ya jimbo la Maryland nchini Marekani. Ulikusudiwa kwanza kuwa mchezo wa mapigano, kundi la wapiganaji likisafiri mji hata mji kushindana viwanjani. Kadiri kazi ilivyoendelea, safari na shughuli za mijini ziliyameza mapigano, hata viwanja vikaachwa, jina likabaki peke yake kama kibanzi cha jengo lililobomolewa. Hakuna aliyeketi kutunga historia ya maelfu ya miaka. Waliohitajika walikuwa watu wa makabila mbalimbali ya kuwajaza miji, na majina ya kuwapa. Ndiyo maana Khajiit, ambao ni watu-paka, katika mchezo huo wa kwanza walifanana mno na binadamu; katika mchezo wa pili wakaota mkia; na katika mchezo wa tatu wakatokea na nyuso za paka kamili na miguu iliyopindika kama ya mnyama. Fundi alikuwa amepata uwezo mkubwa zaidi wa kuchora, basi. Lakini maelezo yaliyotolewa ndani ya ulimwengu huo ni mazuri kuliko sababu: kwamba Khajiit wana maumbo mengi, na kila mmoja hupata umbo lake kwa kadiri ya hali ya miezi miwili ya mbinguni siku ya kuzaliwa kwake. Kosa la mchoro likageuka kuwa elimu ya nyota.

Jambo zito zaidi lilitokea mwaka 1996, ulipotolewa mchezo wa pili, Daggerfall. Kisa chake kimezunguka pwani ya ghuba moja iliyogawanyika katika vijifalme zaidi ya 40, na mwisho wake mchezaji hukabidhiwa uamuzi. Liko jitu la shaba liitwalo Numidium, ambalo zamani Tiber Septim alilitumia kuitia Tamriel yote chini ya himaya yake, na kiko chombo cha kuliongozea jitu hilo. Mchezaji ndiye achaguaye nani apewe chombo hicho. Aweza kuwapa watu wa mfalme mkuu. Aweza kumpa mmoja wa watawala watatu washindanao wa Daggerfall, Sentinel na Wayrest. Aweza kumpa Gortwog, chifu wa Waorki waliodharauliwa kuwa wanyama, ambaye anatafuta kutambuliwa kwa taifa lake. Aweza kumpa Mannimarco, mchawi wa wafu anayetaka uungu. Au aweza kumpa yule mfu asiyekufa aitwaye Underking, ambaye hana haja nyingine ila kupumzika. Kila uamuzi una hatima yake, na hatima hizo haziwezi kukaa pamoja. Gortwog akishinda, wafalme wameshindwa.

Basi maelfu ya wachezaji walimaliza mchezo huo majumbani mwao, kila mmoja akiwa na historia yake. Watengenezaji walipofika kuandika mchezo uliofuata, walikabiliwa na shida ambayo Doyle hakupata kuiona. Kama wangesema kwamba Wayrest ndiyo iliyoshinda, wangekuwa wamewaambia wengine wote kwamba yale waliyoyatenda kwa mikono yao hayakutendeka. Njia iliyozoeleka katika michezo mingi ni hiyo hiyo: hatima moja huteuliwa kimya kimya, na nyingine husahauliwa. Wao walikwenda njia nyingine. Walisema kwamba zote zilitendeka. Katika mwaka 417 wa Zama za Tatu, kwa kalenda ya Tamriel, wakati wenyewe ulipasuka kwa siku chache. Numidium lilitembea katika njia zote kwa pamoja. Na wakati ulipojiunga tena, vile vijifalme zaidi ya 40 vilikuwa vimekwisha kuwa falme nne, Waorki wamepata nchi yao, Underking amepata pumziko lake, na Mannimarco amepata uungu wake, ama kitu mfano wa uungu. Kwa kuwa mungu wa wakati katika Tamriel ni joka, Akatosh, jambo la namna hiyo liliitwa Kuvunjika kwa Joka.

Hila hiyo imesifiwa sana, na sifa hiyo ni ya haki. Hakuna mchezaji aliyeambiwa kuwa ni mwongo. Lakini haifai kuficha kwamba kila mmoja alilipa kitu. Yule aliyemnyima Mannimarco chombo kwa kuchukia uovu wake, aliambiwa kwamba Mannimarco alikipata vile vile. Uamuzi ambao hauzuii lolote si uamuzi. Na mtu ambaye tendo lake limehesabiwa pamoja na kinyume chake amepewa heshima ya adabu tu, kama mgeni ambaye kila asemalo huitikiwa "ndiyo". Wapo wapenzi wa mchezo walioliona jambo hili tangu mapema, na malalamiko yao hayakuwa ya kitoto.

Tena watengenezaji wenyewe hawakutaka hila yao ipokewe bila shaka. Katika mchezo wa tatu, Morrowind, uliotolewa mwaka 2002, vimo vitabu vingi vinavyoweza kuokotwa na kusomwa, na miongoni mwake vimo viwili vinavyopingana juu ya neno hili. Kimoja kinakusanya ushuhuda wa mataifa mbalimbali juu ya Kuvunjika kwa Joka kwa zamani zaidi, kunakosemwa kuwa kulidumu zaidi ya miaka elfu, na kila taifa lakumbuka mambo mengine kabisa. Cha pili kimeandikwa kwa sauti ya mwanachuoni mkavu asemaye kwamba hapakuvunjika joka lolote: wanahistoria waliotangulia walikosea katika kuhesabu kalenda, kosa likanakiliwa, na watu wapendao maajabu wakalitungia maajabu. Mwanafunzi wa historia hukutana na watu wawili hawa kila siku maktabani. Waliowaweka katika mchezo wa kompyuta, tena bila ya kumwambia mchezaji ni yupi wa kusadikiwa, walijua walitendalo.

Kujua huko kulikuwa na asili yake. Mwaka 1998, pamoja na mchezo mwingine wa mfululizo huo uitwao Redguard, wanunuzi walipata kijitabu kilichojifanya kuwa mwongozo wa himaya. Waandishi wake wakuu walikuwa Michael Kirkbride na Kurt Kuhlmann. Kijitabu hicho kimeandikwa kwa kauli ya serikali yenye kujisifu: kila nchi iliyoshindwa ilikuwa na bahati kushindwa, na kila desturi ya watu wengine ni ushamba. Kisha pembezoni mwa kurasa mna maneno ya mkono wa msomaji adui, akikanusha na kukejeli. Tangu hapo Tamriel haikuwa tena na msimulizi mwaminifu. Ken Rolston, aliyeongoza utungaji wa Morrowind, alitoka katika michezo ya mezani, ambako alipata kuusimamia mchezo wa RuneQuest, na mchezo huo nao una ulimwengu ambamo kila kabila lina hadithi yake ya kuumbwa kwa dunia.

Matunda ya njia hiyo yaonekana katika Morrowind yenyewe. Kiini cha kisa ni vita vya Mlima Mwekundu, vilivyopiganwa maelfu ya miaka kabla ya mchezaji kufika, na kifo cha Nerevar, jemadari wa Dunmer. Nerevar alikufaje? Mapokeo ya hekalu yasema alikufa kwa majeraha ya vita, na kwamba washauri wake watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, walipata uungu baadaye kwa wema na hekima yao. Mapokeo ya Waashlander, watu wa jangwa la majivu wahamao na mifugo yao, yasema kwamba watatu hao walimwua kwa sumu, mmoja kwa mishumaa, wa pili kwa mavazi, na wa tatu kwa maneno ya dua, kisha wakaunyakua uungu kinyume cha kiapo chao. Mapokeo haya ya pili yalihifadhiwa kwa siri na makuhani waasi. Vivec mwenyewe, ambaye mchezaji anaweza kumwendea na kuzungumza naye, anayo habari yake. Na adui aliye ndani ya mlima anayo yake. Mchezo wakwisha, na hakuna mahakama iliyotoa hukumu.

Ni hapa ambapo wapenzi wa mchezo walifanya kazi inayostahili kutazamwa na wanachuoni. Katika Morrowind yamo masomo 36 ya Vivec, maandishi magumu yaliyojaa mafumbo, ambayo wengi waliyaacha baada ya kurasa mbili. Wachache hawakuyaacha. Waligundua kwamba somo la 29 lina orodha ya nambari, na kwamba msomaji akichukua nambari hizo moja moja na kuhesabu maneno katika kila somo, maneno yanayoangukia hesabu hiyo hujiunga yakawa ungamo: kwamba mwandishi hakuzaliwa mungu, kwamba aliutwaa uungu kwa wizi na kumwua jemadari wake, na kwamba hakulazimishwa na yeyote. Tena katika somo la mwisho, herufi za mwanzo za aya zinafanya maneno mawili yaliyoutaja uuaji huo waziwazi. Mungu aliyejitungia sifa katika masomo 36 alikuwa ameificha dhambi yake humo humo. Mtunzi wa masomo hayo, Kirkbride, hakusimama kulieleza jambo. Aliliacha likae gizani mpaka wenye macho walione.

Je, ungamo hilo limemaliza ugomvi? Halikumaliza. Walitokea waliosema kwamba ungamo la mwongo nalo lahitaji kupimwa, kwani Vivec anajulikana kwa kusema mambo mawili kwa mdomo mmoja. Mtu aliyepata kusoma habari za Kilwa katika nakala ya Kiarabu, kisha akazisoma kwa kalamu ya Mreno João de Barros, na kuona kwamba orodha za masultani hazilingani, hatawacheka watu hao.

Mpaka hapa mamlaka yote yalikuwa ndani ya mchezo. Shida kubwa ilianza yalipotoka nje. Kirkbride aliacha kuwa mwajiriwa wa kampuni kabla ya Morrowind kutolewa, ingawa aliendelea kuiandikia kwa mkataba mara kwa mara. Pamoja na hayo alikuwa akiwatolea wasomaji, kwa hiari yake na bila idhini ya kampuni, maandishi mengine mengi juu ya Tamriel: nyimbo, hotuba, barua zilizodaiwa kuandikwa katika zama zijazo, na hatimaye mwaka 2014 mswada mzima wa hadithi ya picha uitwao C0DA. Baadhi ya maandishi hayo yalikuwa na nguvu na uzuri kuliko mengi yaliyomo katika michezo. Yalikuwa kanoni au hayakuwa?

Wapenzi wa mchezo waligawanyika. Wako waliosema: kilichomo katika mchezo uliouzwa ndicho kilichopo, na mengine ni ndoto za mtu aliyeondoka. Hifadhi kubwa ya kumbukumbu za mfululizo huo, iliyoanzishwa na wapenzi tangu mwaka 1995, iliyatenga maandishi hayo yasichanganywe na ushahidi wa michezo, na katika makala zake kila dai hutajiwa kitabu au mtu aliyelisema. Wengine waliona kwamba mtu aliyeitunga theolojia ya Tamriel hawezi kuwa mgeni ndani yake kwa sababu ya karatasi ya mshahara. Na Kirkbride mwenyewe alikwenda mbali zaidi ya pande zote mbili: maoni yake yalikuwa kwamba ulimwengu ule uwe mali ya wote, kila mtu ajitungie mwisho wake, wala pasiwe na kanoni yoyote. Maoni hayo yana ukarimu, lakini yana tundu. Kama kila usemi ni sawa na kila usemi mwingine, basi lile ungamo lililofichwa katika somo la 29 halina uzito kuliko uzushi wa mtu aliyeamka asubuhi. Na waliotumia usiku mwingi kulihesabu walipoteza mafuta yao ya taa bure. Upekuzi wahitaji kitu kigumu cha kupekua.

Mfano mkubwa wa ugomvi huu ni msitu wa Cyrodiil. Kile kijitabu cha mwaka 1998 kiliieleza nchi hiyo, ambayo ni kitovu cha himaya, kuwa imefunikwa na msitu mnene wa nchi za joto, na mji mkuu katikati ya maji kama miji ya kale ya masimulizi. Mwaka 2006 ulitoka mchezo wa nne, Oblivion, unaotendeka Cyrodiil hasa, na wachezaji wakakuta vilima vya majani mabichi, mialoni na hali ya hewa kama ya Ulaya ya kati. Msitu haukuwapo. Waliokuwa wamekaa miaka minane wakiingojea nchi ile ya ajabu waliona kana kwamba wamenyang'anywa kitu, na huzuni yao haikuwa ndogo. Maana nchi ya kwanza haikufanana na nchi yoyote ya njozi, na ya pili ilifanana na nyingi mno.

Maelezo yalipatikana, tena zaidi ya moja. Ndani ya Oblivion, katika maandiko ya kiongozi wa madhehebu ya uasi, limo dokezo kwamba mwenye kuifikia siri fulani ya uungu anaweza kuiumba upya ardhi, na mfano wake ni makao ya mfalme mmoja ambayo zamani yalikuwa msitu. Kirkbride, katika maandishi yake ya nje, alimtia Tiber Septim kinywani hotuba ambamo mfalme huyo aliyegeuka mungu anajivunia kuuondoa msitu kwa ajili ya askari wake. Watu wa kanoni kali wakaikataa hotuba hiyo. Kisha mwaka 2011 ukatoka Skyrim, na katika mji wa Whiterun yuko mhubiri apigaye kelele mchana kutwa mbele ya sanamu, Heimskr jina lake, ambalo katika lugha ya kale ya Waskandinavia lina maana ya mpumbavu. Na mahubiri yake yalikuwa yamechota katika ile ile hotuba iliyokataliwa! Sasa maneno hayo yamo ndani ya mchezo uliouzwa. Lakini yamo kinywani mwa nani? Mwehu asemaye kwamba mungu wake aliuondoa msitu ameshuhudia jambo gani, ila imani yake mwenyewe? Kwa hiyo walioshinda hawakushinda, na walioshindwa hawakushindwa.

Mwaka 2014 jambo likazidi kuharibika, au kunoga. Mchezo wa The Elder Scrolls Online, uliotolewa mwaka huo, umewekwa katika mwaka 582 wa Zama za Pili, zaidi ya miaka 300 kabla Tiber Septim hajakamilisha ushindi wake. Na Cyrodiil yake haina msitu tayari. Ikiwa Tiber Septim ndiye aliyeuondoa, aliuondoaje kabla ya kuzaliwa? Katika mchezo huo kimo kitabu cha bibi mmoja mwanachuoni ambaye anabishana na mwenzake aliyedai kwamba habari za msitu ni kosa la mnakili. Bibi huyo haridhiki na jibu jepesi namna hiyo. Ni vigumu kutoona katika ukurasa huo watengenezaji wakiusikiliza ugomvi wa wapenzi wao na kuujibu kwa kuuendeleza. Wako waliosema kwamba mungu akiugeuza wakati, huugeuza mbele na nyuma pia, hivyo kwamba msitu haukupata kuwapo kamwe tangu ulipoondolewa. Hoja hiyo haikanushiki, na huo ndio udhaifu wake. Kuvunjika kwa Joka kukishakubaliwa mara moja kwa haja ya kweli, kama katika Daggerfall, huja kutumiwa kama chumvi katika kila chungu; na mpekuzi aliyechoka hulivunja joka kila anapokutana na shahidi wawili wasiopatana.

Kampuni nyingine zilifuata njia nyingine. Mwezi Aprili mwaka 2014 wenye Star Wars walitangaza kwamba vitabu na hadithi za miaka mingi zilizotungwa nje ya filamu zitaitwa ngano tu, na hazitaifunga historia mpya. Wajapani wa Nintendo, katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, waliipanga michezo yao ya The Legend of Zelda katika mti wa matawi matatu, na tawi moja lamhitaji shujaa ashindwe, jambo ambalo mchezaji aliyeshinda hakulitenda. Amri za namna hiyo zina faida ya usafi. Bethesda haikutoa amri. Mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilikamilisha kuinunua kampuni mama yake kwa dola bilioni 7.5, na Tamriel yote ikawa mali yake kwa sheria, pamoja na majitu ya shaba, miezi na miungu. Lakini sheria haikuandika ni nani aliyemwua Nerevar.

Ugomvi wa mwisho wa kutajwa ni wa Tiber Septim mwenyewe. Historia rasmi yasema kwamba alizaliwa Atmora, nchi ya kale ya Wanord, kwa jina la Talos. Katika Morrowind mna kijitabu cha uzushi kisemacho kwamba alikuwa Hjalti, mtu wa Alcaire katika nchi ya Wabreton, na kwamba utukufu wake ulijengwa juu ya migongo ya wengine na juu ya usaliti. Kwa miaka tisa kijitabu hicho kilikuwa shahidi peke yake, tena shahidi mwenye chuki. Katika Skyrim iko nyumba ya wageni iitwayo Old Hroldan, inayojisifu kwamba mshindi huyo alipata kulala humo, na mchezaji akikodi kile chumba chake hutokewa na mzuka wa askari wa zamani, anayemngojea rafiki yake arudi na upanga wake kama alivyoahidi. Mzuka huyo humwita mchezaji Hjalti.

Waliokitetea kijitabu walishangilia: huyu hakusoma uzushi wowote, alikufa kabla haujaandikwa, naye alimjua jamaa huyo kwa uso wake. Waliokipinga walijibu kwamba shahidi gani huyu, ambaye amemtazama mgeni usiku, uso kwa uso, akamdhania kuwa mfalme. Wakajibiwa kwamba mzuka alikosea mtu, jina hakulikosea. Na nyumba ile bado hukodisha chumba.